Upepo Chini ya Gari la Zamani: Chagua Mfumo, Si Mfuko

Katika miaka ya 1950 kampuni ya General Motors ya Marekani iliweka springi za upepo kwenye vyombo vya aina mbili, ikapata matokeo mawili yanayopingana. Mwaka 1953 ilianza kuuza basi la PD-4104, lililokalia mifuko ya mpira iliyojaa upepo badala ya springi za chuma. Mwaka uliofuata ikalipatia shirika la mabasi la Greyhound basi lake maarufu la Scenicruiser, nalo likiwa na springi za namna hiyo. Mabasi hayo yalisafirisha abiria kwenye barabara kuu za Marekani kwa miaka mingi, na springi za upepo zikawa jambo la kawaida kwa mabasi ya masafa marefu. Mwaka 1957 kampuni hiyo hiyo ikaziweka kwenye Cadillac Eldorado Brougham, gari la kifahari lililouzwa kwa zaidi ya dola 13,000, na mwaka 1958 ikawauzia pia wanunuzi wa Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile na Buick waliokuwa tayari kuongeza fedha. Malalamiko hayakuchelewa. Upepo ulivuja, vali zilikwama, na gari lililoegeshwa jioni lilikutwa asubuhi limelala chini. Wenye magari wengi wakaomba wawekewe springi za koili, na mapema katika miaka ya 1960 mpango huo ukaachwa.

Kanuni iliyotumika ilikuwa moja na kampuni ilikuwa moja, kwa hiyo chanzo cha tofauti kitafutwe katika vile vilivyouzunguka mfuko. Basi lilikuwa na breki za upepo, hivyo lilikuwa tayari na kompresa kubwa inayozungushwa na injini, matangi ya kutosha, na mafundi wa karakana ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kufungua koki za matangi na kumwaga maji. Gari dogo lilipewa vifaa vidogo vilivyobanwa chini ya boneti, likakabidhiwa kwa mtu asiyejua kwamba upepo una madai yake. Hoja ya makala haya inatoka hapo. Mwenye gari la zamani anayefikiria kuliwekea springi za upepo asianze kwa kuuliza ni mfuko gani ulio bora, kwa sababu mfuko ndiyo sehemu iliyothibitika zamani zaidi. Aulize kama anaweza kuupa upepo mkavu, kimo kinachodhibitiwa, ekseli iliyoshikiliwa vizuri na umeme wa kutosha. Akiweza yote manne, upepo utalifanya gari lake kuwa bora. Akikosa hata moja, springi za chuma zilizo katika hali nzuri zitamfaa zaidi.

Faida ya upepo huonekana vizuri ukiilinganisha na tabia ya chuma. Tuseme ekseli ya nyuma ya gari dogo inabeba kilo 500, na uzito huo umezibonyeza springi sentimita 17, kiasi cha kawaida kwa gari lenye mwendo laini. Wakiketi abiria watatu nyuma na mizigo ikaingia kwenye buti, kilo 200 zikaongezeka, springi zitabonyea sentimita 7 zaidi. Taa za mbele zitamulika juu na kuwaumiza macho madereva wanaokuja, shokapu zitabaki na nafasi ndogo ya kufanya kazi, na tuta la barabarani litaikwangua ekzosi. Mtengenezaji anaweza kuepuka hayo kwa kuweka springi ngumu, lakini hapo dereva akiwa peke yake gari litamrusharusha. Kila gari la springi za chuma limejengwa juu ya mapatano kati ya hali hizo mbili, ya kuwa tupu na ya kujaa.

Upepo unayavunja mapatano hayo. Mzigo ukiongezeka, vali huingiza upepo zaidi kwenye mfuko mpaka gari lirudi kwenye kimo chake. Katika mfano wetu, mfuko uliokuwa na presha ya psi 60 utahitaji psi 84 hivi, na mkia wa gari hautakuwa umeshuka hata kidogo. Zaidi ya hapo, upepo uliobanwa kwa nguvu zaidi huwa mgumu zaidi, kwa hiyo springi hujikaza kulingana na mzigo, na mdundo wa gari lililojaa hukaribiana sana na wa gari tupu. Ndiyo maana wenye mabasi waliupenda mapema, kwani tofauti kati ya basi tupu na basi lenye abiria 40 na mizigo yao ni tani kadhaa. Kwa mwenye gari la zamani anayesafiri na familia, anayevuta trela, au anayepita matuta ya kila kijiji kati ya Dar es Salaam na Arusha, hii ni faida ya kweli. Kwa mtu anayeendesha peke yake Jumapili asubuhi kwenye lami nzuri, faida hiyo ni ndogo mno, na ni vizuri akubali hivyo kabla hajafungua pochi.

Sharti la kwanza ni ukavu, na hapa ndipo wengi hushindwa bila kujua. Hewa tunayovuta ina mvuke wa maji. Katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida Mombasa, Tanga au Zanzibar, kila mita moja ya ujazo wa hewa ina takriban gramu 24 za maji. Ukiibana hewa hiyo mpaka ujazo wake uwe sehemu moja ya kumi, kisha ikapoa hadi nyuzi 30 tena, itaweza kubeba gramu 3 tu za mvuke. Gramu 21 zilizobaki hugeuka maji ndani ya tangi. Kwa tangi la lita 19, ambalo watu wengi hulifunga kwenye buti, kulijaza mara moja kutoka tupu ni kuingiza gramu 4 za maji, karibu kijiko kimoja cha chai. Kompresa hujaza tena na tena kila gari linapopandishwa na kushushwa, na maji hayo hayana pa kwenda. Katika nchi za baridi huganda ndani ya vali wakati wa usiku. Kwetu huozesha tangi la chuma kutoka ndani, na vumbi la kutu husafiri kwenye paipu mpaka kwenye vali, likazizuia zisifunge sawasawa. Siku gari linapoanza kulala chini, mwenye gari huulaumu mfuko, ilhali mfuko ni mzima.

Historia inaonyesha kwamba hata waliobobea walipigana na maji hayo hayo. Citroën walipoizindua DS mjini Paris mwaka 1955, waliikwepa hewa ya kawaida. Mfumo uliobuniwa na mhandisi wao Paul Magès ulitumia gesi ya naitrojeni iliyofungiwa moja kwa moja ndani ya matufe ya chuma, na mafuta yanayosukumwa na pampu ndiyo yaliyopandisha na kushusha gari. Hata hivyo maji yalipata mlango. Mafuta ya mwanzo yalikuwa ya aina inayonyonya unyevu, vyuma vikashika kutu, na ilipofika mwishoni mwa 1966 Citroën ikahamia kwenye mafuta ya madini ya rangi ya kijani, LHM, yasiyonyonya maji. Usumbufu huo ukapungua sana, na DS ikaendelea kutengenezwa hadi 1975. Mercedes-Benz nao waliweka springi za upepo kwenye 300 SE ya mwaka 1961, kisha kwenye 600 ya mwaka 1963 na 300 SEL ya mwaka 1965, zikiwa na kompresa inayozungushwa na injini na kifaa cha kuingiza alkoholi kwenye upepo ili maji yasigande. Baada ya 300 SEL kuisha mwaka 1972, kampuni hiyo haikuuweka upepo kwenye magari makubwa mapya iliyoyabuni, ikarudi nao mwaka 1998 katika S-Class mpya, wakati vikaushio na udhibiti wa kompyuta vilikuwa vimekomaa. Kampuni yenye wahandisi wa kiwango hicho ilisubiri zaidi ya miaka 25. Anayefunga mfumo bila kikaushio ili kuokoa fedha kidogo anajiona mjuzi kuliko wao.

Kwa hiyo anayenunua aangalie kikaushio kabla ya kuangalia rangi ya tangi. Kikaushio kizuri ni kopo lenye chembe zinazonyonya unyevu, na mifumo bora hurudisha upepo unaotoka kwenye mifuko upite humo humo, ukizikausha chembe hizo kila gari linaposhuka. Tangi liwe la alumini au chuma kisichoshika kutu, na liwe na koki ya kumwagia maji mahali pa chini kabisa, panapofikika bila kulala chini ya gari. Paipu zipite mbali na ekzosi, na ncha zake zikatwe wima kwa kikatio cha paipu, kwa sababu ncha iliyokatwa mshazari kwa kisu ndiyo chanzo kikubwa cha uvujaji. Kila maungio yapakwe maji ya sabuni na kutazamwa kama yanatoa mapovu. Kazi hii haina mvuto wowote machoni, lakini ndiyo inayoamua kama gari litakutwa limesimama asubuhi.

Sharti la pili ni udhibiti wa kimo, na hapa duka humpa mnunuzi njia tatu. Ya kwanza ni vali za mkono na vipima presha kwenye dashibodi, ambapo dereva mwenyewe huongeza na kupunguza. Ya pili ni kompyuta inayolinda presha iliyowekwa katika kila mfuko. Ya tatu ni sensa zinazopima umbali kati ya mwili wa gari na kila gurudumu, na kompyuta inayolinda kimo. Njia ya pili inauzwa sana na inaonekana ya kisasa, lakini ina kasoro ya msingi. Presha ile ile chini ya mzigo tofauti huleta kimo tofauti, kwa hiyo abiria watatu wakiingia, kompyuta itaona psi 60 zake zimepanda na inaweza kupunguza upepo wakati inapotakiwa kuongeza. Faida kuu iliyohalalisha springi za upepo, yaani kimo kisichobadilika, inapotea. Vali za mkono ni duni kwa starehe lakini ni nyoofu, kwa kuwa dereva anajua kwamba kazi ni yake. Sensa za kimo ndizo zinazotimiza ahadi ya upepo, na kwa gari litakaloendeshwa safari ndefu ndizo za kuchagua.

Katika udhibiti wa kimo kuna jambo moja zaidi ambalo wenye malori wanalijua. Magurudumu manne yakidhibitiwa kila moja peke yake, gari huweza kuyumba kama meza ya miguu minne kwenye sakafu isiyo sawa, mifuko miwili ya pembe zinazoelekeana ikibeba mzigo mkubwa na mingine miwili ikilegea. Gari linaonekana limenyooka, lakini gurudumu moja la mbele linakanyaga chini kwa uzito mdogo kuliko mwenzake, na breki zitavuta upande. Mabasi mengi huepuka hilo kwa kutumia vali tatu za kimo, moja kwenye ekseli ya mbele na mbili kwenye ekseli ya nyuma. Fundi mzuri wa gari la zamani hufuata kanuni hiyo, au hulipima gari gurudumu kwa gurudumu kwenye mizani baada ya kuliweka katika kimo cha kuendeshea.

Sharti la tatu linahusu vyuma, nalo ndilo lenye hatari kubwa zaidi kwa maisha. Magari mengi ya zamani yana springi za bapa nyuma, zile za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: Land Rover za mwanzo, Morris Minor, Ford Anglia, Ford Cortina za mwanzo na pikapu nyingi za Datsun na Toyota. Springi hizo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Zinabeba uzito, na zinaishika ekseli isisogee mbele, nyuma wala pembeni. Mfuko wa upepo hubeba uzito tu. Ukiziondoa springi za bapa na kuweka mifuko mahali pake, ekseli haina tena kinachoishika, na ni lazima ijengewe mikono ya chuma ya kuizuia isisogee wala kujisokota gari linapoondoka au kufunga breki. Mikono hiyo inahitaji vishikizo vilivyochomelewa kwenye chasisi na kwenye ekseli, kwa pembe zilizopigiwa hesabu. Volkswagen ya mgongo wa kobe ina ugumu wake wa aina nyingine, maana magurudumu yake hushikwa na vyuma vya kujisokota vilivyofichwa ndani ya mabomba, na hakuna mahali pa wazi pa kuweka mfuko. Kwa upande mwingine, gari lililozaliwa na springi za koili na mikono yake tayari, kama Chevrolet ya 1958 au Range Rover ya 1970, linaupokea mfuko mahali pa koili bila ekseli kupoteza mshiko.

Shokapu nazo zisisahauliwe. Mfuko hauzimi mdundo, kwa hiyo gari lenye mifuko mipya na shokapu zilizochoka litaruka kama mpira. Shokapu zichaguliwe kwa urefu unaouzuia mfuko usivutwe kupita kiasi gurudumu linaponing'inia, na pawe na kizuizi cha mpira kinachopokea kishindo kabla mfuko haujabanwa mpaka mwisho. Kuhusu umbo la mfuko, ule wenye mikunjo miwili hubeba mzigo mzito lakini safari yake ni fupi na hukazana haraka, na ule unaojikunja juu ya kikombe chake huwa mwembamba na mlaini zaidi. Wa kwanza unafaa mbele kwenye injini nzito na nafasi finyu, wa pili unafaa nyuma. Popote utakapokaa, uachiwe nafasi ya kuvimba pande zote bila kugusa chuma. Umetengenezwa kwa mpira na nyuzi kama tairi, na kama tairi utatoboka ukisuguliwa.

Sharti la nne ni umeme. Kompresa ya volti 12 ya kufunga kwenye gari huvuta ampea 20 hadi 30 inapofanya kazi. Dainamo nyingi za magari ya miaka ya 1950 zilitoa kiasi hicho hicho kwa gari zima, pamoja na taa, waipa na kuchaji betri, na magari kadhaa yalikuwa ya volti 6 tu. Kufunga kompresa juu ya mfumo kama huo ni kukaribisha waya kuungua. Kabla ya upepo, gari liwekewe alteneta, waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, fyuzi karibu na betri, na rilei. Bei ya mfumo wa upepo isipotaja kazi hiyo, bei hiyo haijakamilika.

Watu wenye uzoefu watapinga hoja hii kutoka pande tofauti, na kila pingamizi linastahili jibu. Wa kwanza watasema kwamba chuma kimeshathibitika katika barabara zetu, na ushahidi wao ni mzito. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne katika miaka ya 1960, mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania. Peugeot 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Magari hayo yalitumia springi za koili zenye safari ndefu, na raia wa kawaida waliyatumia kama teksi za mbali kwa miongo kadhaa. Hoja hiyo ni ya kweli, nami naikubali yote. Inathibitisha kwamba mtengenezaji aliyechagua springi ndefu na shokapu nzuri alimpa mwendeshaji starehe bila upepo. Mwenye 504 ambayo springi zake zimelegea atapata mabadiliko makubwa zaidi kwa kununua springi mpya, bushi mpya na shokapu mpya kuliko kwa kufunga kompresa. Upepo usitumike kuficha uchakavu. Unafaa pale ambapo chuma kizima bado kinashindwa, yaani mzigo unapobadilika sana au kimo kinapotakiwa kubadilika kulingana na barabara.

Wa pili watatetea asili ya gari. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, katika mkataba wake wa Turin uliopitishwa mwaka 2012, linataka mabadiliko yawe machache, yaweze kuondolewa, na yaandikwe kwenye kumbukumbu za gari. Nchini Uingereza jambo hili lina uzito wa kisheria. Gari lililotimiza miaka 40 huweza kusamehewa ukaguzi wa kila mwaka, lakini likibadilishwa aina ya springi zake katika miaka 30 iliyopita, mwongozo wa serikali huweza kulihesabu kuwa limebadilishwa sana na kuliondolea msamaha huo. Pingamizi hili halinifanyi niukatae upepo, linanifanya niuwekee mpaka. Mfumo unaofungwa kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani, springi za awali zikahifadhiwa zikiwa zimepakwa mafuta, umeliacha gari katika hali ya kurudishwa. Mfumo unaohitaji chasisi ikatwe umeliharibu, hata kama kazi ni safi. Tena hoja ya asili ina upande wa pili ambao watetezi wake husahau. Mercedes 300 SEL ilizaliwa na upepo, na baadhi ya Range Rover za mwishoni mwa 1992 zilitoka kiwandani na springi za upepo zinazoongozwa na kompyuta, zikijishusha milimita 20 katika mwendo mkubwa na kujipandisha milimita 40 kwenye njia mbaya. Wengi wamezing'oa na kuweka koili. Kwa magari hayo, anayetengeneza upepo ndiye anayeilinda asili.

Wa tatu watasema wazi kwamba shida yao si mzigo bali sura. Wanataka gari lilale chini linapoegeshwa, mpaka ukingo wa mwili uguse lami. Hamu hiyo ina historia ndefu na yenye heshima. Huko California, sheria iliyoanza mwaka 1958 ilikataza mwili wa gari kushuka chini ya ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre akaifungia Corvette yake pampu za mafuta ili aweze kulishusha gari akiegesha na kulipandisha askari akitokea. Pampu za namna hiyo zikawa sehemu ya utamaduni wa Wamarekani wenye asili ya Meksiko wa kushusha magari, na sheria hiyo ikaondolewa kuanzia mwaka 2024. Sina neno la kupinga uzuri wake. Lakini anayetaka sura hiyo akumbuke kwamba pembe za magurudumu hubadilika kadiri gari linavyopanda na kushuka, na alaimenti huwa sahihi katika kimo kimoja tu. Kimo hicho kiwekwe kwanza, shokapu zikiwa katikati ya safari yake, alaimenti ifanyike hapo, na gari liendeshwe hapo peke yake. Kimo cha kuegesha ni cha kuegesha. Kwa masharti hayo upepo ni salama kuliko kukata koili kwa msumeno, jambo ambalo bado hufanyika kwenye gereji nyingi, na ambalo humwachia dereva gari fupi, gumu na lisiloweza kupandishwa mbele ya shimo.

Wa nne watauliza nani atautengeneza mfumo huu ukiharibika Dodoma au Eldoret. Swali hili linatisha kuliko linavyostahili. Barabara za kutoka Mombasa hadi Malaba na kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma zimejaa malori yenye breki za upepo na mabasi yenye mifuko ya upepo, na kila mji mkubwa njiani una mafundi wanaozielewa vali, paipu na uvujaji. Kinachoweza kukwama ni vipuri vya pekee, hasa kompyuta na sensa za kampuni moja tu. Kwa hiyo chagua mfumo ambao paipu na maungio yake ni ya vipimo vinavyouzwa kwenye maduka ya vipuri vya malori, na ambao kila mfuko una njia ya kujazwa kwa pampu ya tairi kompresa ikifa. Tahadhari hiyo ya pili ni ya bei ndogo sana, na itamfikisha mtu nyumbani.

Ipo njia ya katikati ambayo wengi wangeiridhia kama wangeijua. Kampuni ya Air Lift ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilijipatia jina kwa mifuko midogo inayoingizwa ndani ya springi ya koili. Chuma kinaendelea kubeba gari na kushika kila kitu mahali pake, na mfuko huongezwa upepo siku ya mzigo tu, kwa pampu ile ile ya tairi. Kwa springi za bapa pia ipo mifuko ya kusaidia, inayokaa kati ya ekseli na chasisi bila springi kuondolewa. Hakuna kompresa, hakuna kompyuta, hakuna kuchomelea, na mfuko ukipasuka gari linaendelea na safari likiwa limeinama kidogo tu. Haimpi mtu kimo cha kubonyeza kitufe, lakini inampa sehemu kubwa ya faida kwa sehemu ndogo ya gharama na hatari.

Uamuzi wangu basi ni huu. Gari lililozaliwa na upepo lirudishiwe upepo wake, kwa vikaushio bora kuliko vya kiwandani. Gari la springi za koili linalobeba mizigo inayobadilika, na ambalo mwenyewe yuko tayari kulipia alteneta, kikaushio na sensa za kimo, liwekewe mfumo kamili, kwa bolti na si kwa kukata. Gari la springi za bapa libaki nazo, lisaidiwe na mifuko midogo, isipokuwa kama kazi ya mikono ya ekseli inafanywa na mtu aliyeonyesha hesabu zake na kazi zake za nyuma. Na yeyote atakayefunga upepo aweke siku moja ya wiki ya kumwaga maji ya tangi na kusikiliza kama kuna mahali panapovuja. Ukiona huwezi kuitunza ahadi hiyo ndogo, nunua springi mpya za chuma, na gari lako litakushukuru zaidi.